Picha Irudi kwa Mwenye Sura

Milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, iliyosafiri mbali kuliko yote ni ya rangi ya waridi. Kati ya 2010 na 2012 mpiga picha kutoka Ireland, Richard Mosse, alizunguka Kivu akiwa na filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome, aina iliyotengenezwa awali kwa ajili ya majeshi, ili kufichua kambi na magari yaliyofunikwa kwa rangi ya majani. Filamu hiyo hunasa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Jani lililo hai huurudisha mwanga huo kwa wingi, basi penye majani hutoka pa waridi au pekundu kabisa, na kilichopakwa kijani kwa hila hubaki kimefifia, kikajulikana. Mwaka 2013 kazi yake, "The Enclave", iliiwakilisha Ireland kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Masisi walisimama mbele ya malisho yetu yaliyogeuka waridi, wakaduwaa.

Sina ugomvi na picha hizo. Zilikusudiwa kumgutusha mtu aliyezoea kutazama vita hadi haoni tena, na zilimgutusha. Ila filamu ya kufichua ni chombo cha mgeni. Mtu wa Shasha, kijiji cha Masisi, hahitaji kuonyeshwa kilicho nyuma ya migomba ya jirani yake. Anachokosa ni kidogo zaidi, na ni kigumu zaidi kupatikana: picha ya mama yake alipokuwa kijana, picha ya nyumba kabla bati hazijang'olewa, sura ya kaka aliyekwenda kuchimba dhahabu Walikale asirudi. Ndiyo maana nikifikiri juu ya kupiga picha kwa kujifurahisha upande wetu huu, sianzii kwenye kamera. Naanzia kwenye sura: za nani zimebaki, ziko wapi, na ni nani aliyezipiga.

Shasha iko kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Kivu, kando ya barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma kupitia Sake na kuteremka Minova hadi Bukavu. Ni mahali pa kupita. Hupita malori, hupita motari, hupita chukudu zimebebeshwa magunia hadi msukumaji haonekani. Jina la kijiji hutajwa redioni pale njia inapofungwa. Februari 2024 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walifika Shasha, barabara ikakatika, na vyakula vya Minova vikaanza kufika Goma kwa mashua. Januari 2025 ikawa zamu ya Minova, na kabla mwezi haujaisha Goma yenyewe ikaanguka. Picha zilizobaki za nyakati hizo ni za msururu wa watu wenye magodoro vichwani. Ni picha za kweli na zilipigwa kwa ujasiri. Lakini mama aliyepigwa picha akiwa na godoro kichwani hakuulizwa kama yuko tayari, wala hajui hata kama picha hiyo ipo.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Mwishoni mwa 2012, Goma ilipoanguka mara ya kwanza mikononi mwa M23, askari wa serikali waliorudi nyuma walifika Minova, na wanawake wengi wa huko wakabakwa. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi, hukumu ikatolewa Mei 2014. Wanawake walitoa ushahidi wakiwa wamefunikwa vichwa na nyuso, na wapiga picha waliowafuata waliwapiga picha hivyo hivyo: kitambaa, mgongo, mikono iliyokunjwa mapajani, kivuli ukutani. Ilikuwa lazima, kuonyesha uso kungekuwa hatari na ukatili wa pili. Hata hivyo, tazama kilichojilimbikiza miaka yote hiyo. Mtu wa mbali akiombwa afikirie mwanamke wa njia hii ya Sake na Minova, ataona mgongo. Tumekuwa na albamu nzima ya migongo.

Wapiga picha wa Goma waliona tatizo hili kabla yangu. Pamela Tulizo alishinda mwaka 2020 tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana kwa mfululizo wa wanawake wa Kivu na vioo: mwanamke mmoja, na katika kioo yupo mwingine, wa namna nyingine, ambaye dunia haikumzoea. Miaka minane kabla yake, Peter DiCampo na Austin Merrill walikuwa Côte d'Ivoire kuandika habari za nchi iliyotoka vitani, wakagundua kwamba picha walizokuwa wakipiga kwa simu, za mambo ya kawaida ya mchana, zilisema ukweli zaidi kuliko zile walizotumwa kuleta. Ndipo ukazaliwa ukurasa wa Everyday Africa, na wapiga picha wengi wa bara hili wakajiunga. Hao wote ni watu wa kazi, wanalipwa au wanatafuta kulipwa. Mimi nataka kumsemea yule asiyelipwa: mwalimu wa shule ya msingi, nesi wa kituo cha afya, kijana anayeuza vocha kando ya barabara, mwenye simu iliyopasuka kioo na hamu ya kupiga picha isiyomtoka.

Mtu wa namna hiyo ana babu yake katika ufundi, na hakuishi mbali. Musa Katuramu alikuwa mwalimu magharibi mwa Uganda. Tangu enzi za ukoloni alipiga picha za watu wa mazingira yake: ndugu, walimu wenzake, wanafunzi, maharusi, watu waliosimama wima katika nguo zao nzuri. Hakutumwa na gazeti wala ofisi. Negativu zake zilitunzwa na familia, na mwaka 2014 zikachapishwa katika kitabu kupitia mradi wa History in Progress Uganda, ambao Andrea Stultiens alishiriki kuuanzisha. Ukizitazama picha hizo unaelewa jambo moja upesi: watu wanamtazama mpiga picha kama mtu wanayemjua. Hakuna anayeomba msaada kwa macho, hakuna anayejificha. Mgeni anaweza kukaa mwaka mzima asiupate mtazamo huo, na Katuramu aliupata kwa kuwa jirani tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka mradi wake mwenyewe ni huu: uwe mdogo kiasi cha kuweza kuumaliza kwa miguu. Nyumba kumi kuanzia kwako. Kila fundi wa Shasha katika mahali pake pa kazi. Wazee wote waliozaliwa kabla ya uhuru. Mradi mkubwa, kama vile "maisha ya Kivu", ni wa kujidanganya. Hauna mwanzo wala mwisho, nawe utabaki na simu iliyojaa machweo ya ziwa. Machweo ya ziwa yanatosha. Nasema hivi nikijua kwamba nitawaudhi wengi.

Kuhusu vifaa sitakawia. Simu inatosha. Kila unapoitoa, puliza kwanza kioo cha kamera yake, kisha kifute kwa kitambaa safi cha pamba, maana vumbi letu ni la mawe ya volkano na linakwaruza.

Kuhusu mwanga nitakawia, kwa sababu wengi hufuata mafundisho yaliyoandikwa kwa ajili ya anga nyingine. Vitabu vya kaskazini husema: piga asubuhi na jioni. Huko jua hushuka kwa mshazari na mwanga laini hukaa muda mrefu. Sisi tuko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta. Jua huchomoza na kupanda karibu wima. Ule ulaini wa asubuhi hupita upesi, na ikifika saa nne macho ya mtu yamezama katika mashimo meusi na pua yake inatupa kivuli mdomoni. Tena Shasha ina ziwa mashariki na milima magharibi. Asubuhi unapata mianga miwili, wa jua na wa maji yanayoliakisi, na uso wa mtu anayetazama ziwa hujaa mwanga hadi chini ya kidevu. Jioni milima hulificha jua mapema, kijiji kikaingia kivulini huku maji ya mbele bado yanang'aa. Mwenye kukifahamu kivuli hicho anaweza kukitumia: ni kivuli kipana, cha upole, kisichomfanya mtu akunje uso.

Saa za mchana je, ambazo ndizo watu wana nafasi? Tumia mlango. Mwombe mtu asimame hatua moja ndani ya nyumba, atazame nje. Mwanga wa uwanja utamjia usoni bila jua lenyewe kumchoma, na giza la chumba nyuma yake litafuta vitu vyote vya kukengeusha. Kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili mashine ipime ngozi, isipime ukuta wa nje unaong'aa. Usiposhughulika na hilo, simu itaujali upande unaong'aa na mtu atatoka kama doa jeusi. Hili lina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe; ikiwa yeye katoka vizuri, kazi imekubalika. Ngozi zetu hazikuwa kipimo cha mtu. Siku hizi mashine zimeboreka, lakini kidole chako bado kina kazi.

Kuna mradi mmoja ambao Shasha ingeupata bila gharama, na sioni kama kuna kijiji cha bara kinachoweza kuupata: kalenda ya sambaza. Samaki hawa wadogo si wenyeji wa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa pwani nzima hula kutokana nao. Wavuvi hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakipiga makasia kwa wimbo, na usiku huwasha taa ili samaki wafuate mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, kwa kuwa ziwa zima lina taa moja kubwa juu yake. Basi uvuvi hupungua na wavuvi hushona nyavu. Mpiga picha anayewafuata atakuwa na majira yake: siku za giza, ufuo wa alfajiri, mabeseni, mama wanaopima na kubishana bei, siku za mwezi, nyavu zimetandazwa na vidole vya wazee vikitafuta matundu. Hahitaji kujilazimisha kupiga picha kila siku, nidhamu ambayo huwachosha wengi kabla ya mwezi kwisha. Atakwenda kwa mwendo wa kazi ya watu, na watu wenyewe watamtarajia.

Sasa lazima niseme la hatari, bila kulipamba. Kongo kwa muda mrefu mtu hapigi picha daraja, uwanja wa ndege, kambi wala kizuizi cha barabarani bila kujiingiza matatani, na mahali palipobadilishana watawala zaidi ya mara moja hatari hiyo ni ya pande zote. Mwenye silaha akiingia kwenye fremu, shusha simu, hata kama mwanga ni wa ajabu. Zima sehemu ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa; vinginevyo kila sura utakayoituma itakwenda na anwani yake. Na kumbuka kwamba simu yako inaweza kufunguliwa njiani na mtu ambaye hukumkaribisha. Picha ya mtoto akicheza mpira inaweza kuwa pia picha ya kilichokuwa nyuma ya goli. Kagua jioni, futa kisichokuhusu. Mpiga picha wa habari ana chombo kinachomtuma na labda kitamtetea. Wewe umejituma.

Ukivuka hayo, utakutana na swali ambalo kila mpiga picha wa Kivu amelisikia. Unamwamkia mama kwa heshima, unamweleza shida yako, naye anakutazama na kusema: "Utanipatia nini?" Wengi hulichukua swali hili kama tamaa, wakaondoka wamenuna. Mimi naona ni swali la haki kabisa. Huyu mama ameona picha zikipigwa miaka mingi. Ameona magari ya mashirika yakija na kamera, kisha msaada ukaenda kijiji kingine au usiende popote. Anajua kwamba picha ina faida, na faida hiyo haijawahi kumfikia. Jibu la mpiga picha wa kujifurahisha lipo, na ni la kweli: "Mama, nitakupatia picha yenyewe." Tena ya karatasi. Picha ya kutumiwa kwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa njiani, hukaa katika simu ya mtoto, na simu ya mtoto huuzwa, huibwa au huanguka ziwani. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 hukaa ndani ya Biblia au chini ya godoro, na siku ya kukimbia huingia katika kanga pamoja na vyeti.

Na hapo utaona ajabu. Ukiahidi karatasi na ukaitimiza, watu huacha kupigwa na huanza kupigisha. Yule mama atakuambia ungoje. Ataingia ndani, atatoka na kitenge kingine, ataamua asimame wapi, kama mjukuu awepo au asiwepo, kama acheke au asicheke. Usimwambie akae "kiasili". Watu wa Katuramu hawakukaa kiasili. Walisimama kama walivyotaka kukumbukwa. Kwa mwanamke wa ufuo huu, ambaye wenzake wamepigwa picha za migongo kwa sababu tulizozisema, kuchagua mwenyewe kuuonyesha uso wake si jambo dogo. Akikataa, nalo ni jibu, na hupaswi kumrudia siku hiyo.

Mradi ambao ningeuweka mbele ya yote, hata hivyo, hauhitaji kumpiga mtu yeyote. Ni kupiga picha za picha. Katika nyumba za Shasha na vijiji jirani zimesalia karatasi chache: ya harusi iliyoliwa na mchwa pembeni, ya ubatizo, ya wanafunzi wamepanga mistari mbele ya shule, ya kijana aliyepigwa picha studio Goma akiwa na saa ya kuazima. Kwa wazee wengi hakuna hata hiyo. Kuna kadi ya mpiga kura tu. Nchi yetu imekaa miongo bila kuwapa raia vitambulisho vya kawaida, kwa hiyo kadi ya uchaguzi ndiyo imekuwa uso rasmi wa mtu. Zile zilizotolewa kwa uchaguzi wa 2023 zililalamikiwa nchi nzima kwa kufutika wino, sura zikayeyuka katika muda mfupi, na uchaguzi wenyewe haukufanyika Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Mzee akifariki, wajukuu huipeleka kadi hiyo studio ili uso wa ukubwa wa kidole gumba ukuzwe, uwekwe juu ya jeneza. Hutoka ukungu wenye macho.

Kazi hii ni rahisi kuliko zote. Weka karatasi mezani kivulini, karibu na mlango, simu ikiwa sambamba nayo, pasiwe na mng'ao. Piga mbele, piga na nyuma, kwa sababu nyuma mara nyingi kuna maandishi. Kisha muulize mwenye nyumba ni nani huyu, na huyu, na yule mwenye kofia, na uandike majina hapo hapo. Utakaa saa mbili kwa picha moja. Utasikia habari za Shasha ambazo hakuna redio iliyozitangaza, na nyingi zitakuwa za kuchekesha: nani alimnyang'anya nani mchumba, nani aliangukia ziwani na suti. Majina ni nusu ya kazi. Picha isiyo na jina, baada ya kizazi kimoja, huwa picha ya "mtu wa zamani", na hapo hata wajukuu zake hupita mbele yake bila salamu.

Kurudi ndiko kunakougeuza mchezo kuwa mradi. Milton Rogovin, daktari wa macho mjini Buffalo, Marekani, alianza mwaka 1972 kupiga picha watu wa mtaa maskini uliokuwa karibu na ofisi yake, akiwapa picha zao bure. Miaka ya 1980 akawatafuta walewale akawapiga tena. Akarudi katika miaka ya 1990, na tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 akiwa na zaidi ya miaka 90. Ukiziweka pamoja unaona binti akawa mama, kisha bibi. Unaona kiti kilichokaliwa na mume kikibaki kitupu. Hakukuwa na ufundi wa ajabu. Alikwenda mahali palepale, kwa watu walewale, akasubiri maisha yaendelee. Huku kwetu kuna anayeweza kusema kwamba hatuna uhakika wa kurudi, kwa kuwa watu wanaweza kukimbia kesho. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuanza sasa na nyumba zile zile kumi. Waliorudi Masisi baada ya kambi za Goma kufungwa mwaka 2025, wengi walikuta kuta bila paa. Kama jirani angekuwa na picha za uwanja huo za miaka ya nyuma, zingekuwa ushahidi wa mpaka wa shamba, wa mahali palipokuwa mlango, wa nani alikaa hapo. Mpiga picha wa kujifurahisha hapaswi kujiona mahakama, lakini ajue kwamba karatasi yake inaweza siku moja kuulizwa neno.

Msomaji, katika simu yako hivi sasa kuna sura ya mtu ambaye hajawahi kuishika picha yake mwenyewe. Itafute. Utakapopita Goma, Sake au Minova, ichapishe nakala mbili. Nyuma andika kwa penseli laini jina la mtu, kijiji na mwaka. Moja mpe mwenyewe mkononi. Ya pili mwachie ndugu anayeishi mbali na barabara.